Tulienda Lusaka ili Hetal Abaki

Mlioniuliza "mlishinda?" jibu fupi ni hapana. Kama mlitaka hilo tu, basi ishieni hapa mkaendelee na shughuli zenu. Lakini nawajua, hamtaishia. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye chuoni ananivuta kando, "Zuhura, hebu tupe stori," na mimi kila nikianza nakwama palepale. Kwa hiyo nimeona niandike yote mara moja, halafu mtu asiniulize tena. Habari za pasi, barua za kitivo na foleni za dirishani nazirusha, hazina utamu wowote.

Kwa msiojua, mashindano ya keisi ni hivi. Wanafunzi wa biashara wa vyuo mbalimbali wanapewa karatasi zenye matatizo ya kampuni fulani, wanafungiwa chumbani bila simu, kisha wanatoka na ushauri wao na kuutetea mbele ya majaji ambao kazi yao ni kuuchanachana. Sisi tulikuwa watatu: mimi, Agatha wa Songea ambaye hesabu anazitafuna kama karanga, na Hetal.

Hetal nimekua naye. Mama yangu, mtu wa Lindi, alikuwa anashona kwenye baraza ya duka la vitenge la baba yake, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, tangu mimi sijazaliwa. Mteja ananunua kitambaa ndani kwa Mzee Popat, anatoka nje anampa mama ashone. Mimi na Hetal tulikuwa tunagombania vipande vilivyoanguka chini ya cherehani. Sasa mwaka huu jengo likauzwa, livunjwe lipandishwe ghorofa, na Mzee Popat akaona basi, anahamia Uingereza, mji wa Leicester, alikotangulia mwanawe mkubwa. Familia nzima inaondoka. Hetal alilia mpaka baba yake akalegea kidogo. Akasema binti akipata kazi hapa Dar, atabaki kwa shangazi yake Kisutu. Asipopata, anaondoka na wenzake.

Na zawadi ya mashindano ya Lusaka ilikuwa kazi ya mwaka mmoja, kila mshindi katika mji wake. Hapo ndipo mjue kwamba mwenzenu sikwenda kutalii.

Uhuru hadi Mbezi

Mzee Popat alijitolea kutupeleka stendi ya Mbezi kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo cha duka. Mabegi yamepangwa, Agatha amekaa nyuma anasali, injini inanguruma, mara akatokea mama mmoja, kajitanda kanga, anauliza bei ya kitenge kilichoning'inia mlangoni. Mzee Popat akazima gari.

"Mzee, basi litatuacha," nikamwambia.

"Mteja wa kwanza harudishwi, binti yangu. Si unajua."

Ninajua, nani Kariakoo asiyejua. Mwenye duka awe Mhindi, Mpemba, Mchaga au Mmakonde, mteja anayekufungulia duka asubuhi hatoki mikono mitupu. Hata akitaja bei ya kukutukana, unampa, maana ukimrudisha, siku yako nzima imekwenda na maji. Yule mama naye alikuwa anajua kwamba tunajua. Alikandamiza bei bila haya, akatulia kutungoja. Hetal ndiye aliyeshuka kwenye gari, akaingia nyuma ya kaunta, akapima, akakunja, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Chukua mama, umetufungulia." Duka lenyewe lilikuwa limebakiza wiki chache tu, wanamalizia mzigo, lakini hakuna aliyeona ajabu.

Mama alinisindikiza mpaka mlangoni mwa gari, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Shindeni," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimechoka kuagana na watu." Kisha tukaingia kwenye foleni ya Msimbazi, katikati ya mikokoteni ya wabeba mizigo, na Hetal akawa anageuka nyuma kila baada ya muda. Nikamwambia aache, tutarudi baada ya siku chache tu. Akasema anajua.

Mbezi hadi Kitonga

Kwenye basi, nyuma yetu alikaa mama mmoja wa Kizambia, mfanyabiashara, anayekuja Kariakoo kununua vitambaa na kurudi navyo kwao. Mama Chanda. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kabisa, na mabegi yake yalikuwa yamejaza njia mpaka kondakta akachoka kugomba. Hatujafika Chalinze akainama mbele, akamtazama Hetal.

"Wewe si binti wa Popat?"

"Ndiyo mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie baba, nikija tena nataka mzigo mkubwa, nina harusi ya mdogo wangu. Aniwekee yale maua ya bluu, asimpe mtu."

Nikamtazama Hetal, nione atasemaje. Akasema, "Nitamwambia, mama," akageukia dirishani. Mimi nilitaka kumweleza yule mama ukweli, lakini nikaona si mdomo wangu wa kuusema.

Kitonga ndipo tulipokwama. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye kona, limeziba barabara yote, huku magari yamepangana juu na chini ya mlima. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila hakuna aliyejua tutatoka lini. Abiria wakashuka. Mtu akatandika kanga akalala, wengine wakaanza siasa. Hetal akafungua kopo alilofungiwa na mama yake, limejaa thepla, zile chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, pamoja na achari ya embe. Mzee mmoja wa Njombe akaipindua ya kwake huku na huku.

"Hizi chapati za kijani, zina dawa?"

"Zina njaa yako mzee, kula," Mama Chanda akamjibu, naye akachukua ya tatu.

Tukaona tusipoteze muda, tukafanya mazoezi palepale pembeni ya barabara. Mimi na Agatha tukawa majaji wakorofi. Mwalimu wetu alikuwa ametupa sheria moja kubwa: majaji watakukosoa, watakucheka, watajifanya wateja, watajifanya wakurugenzi, lakini pendekezo lako ulilofikia usilibadilishe mbele yao. Ukilibadilisha umejizika. Hetal ndiye tuliyempa sehemu ya bei, kwa sababu bei anaijua tangu tumboni mwa mama yake. Nikamkalia kooni. Bei yenu kubwa. Bei yenu haina maana. Mpinzani wenu anauza nusu. Kila mara alijibu kwa upole na hakusogea hata unywele. Madereva wa malori waliokuwa wanatusikiliza wakapiga makofi.

"Mgumu huyu," Mama Chanda akasema. "Dukani hayuko hivi."

Tukacheka wote. Jua lilikuwa linazama ndipo lori likavutwa kando, tukapita.

Makambako hadi Tunduma

Asubuhi tukajikuta Makambako, tunatetemeka kwa baridi. Tukaingia kwenye mgahawa wa karibu na stendi. Sasa Hetal hali nyama, hali samaki, hali yai. Akaagiza wali maharage bila nyama, akasisitiza mara mbili. Kikaja chakula, maharage yanaelea kwenye mchuzi wa ng'ombe.

"Dada, nilisema bila nyama."

"Nyama hamna humo," mhudumu akajibu. "Ni supu yake tu, iongeze utamu."

Hetal akamshukuru, akausogeza wali kwangu, akaagiza chai na ndizi. Hakukasirika. Nikamwambia Leicester labda watamwelewa zaidi, maana nimesikia kule wapo Wagujarati wengi, chakula chake kipo kila kona. Nilikuwa natania. Akaniambia, "Ndiyo, kule nitakula kila kitu," nikatamani niyameze maneno yangu. Agatha akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kuanzia hapo nikaacha utani. Nikawa namtazama anavyotazama nje: mashamba ya chai, watoto wa shule na masweta yao, viazi vilivyopangwa ndoo kwa ndoo kando ya barabara. Alikuwa ananiuliza majina ya vitu anavyovijua. Huu ni mti gani, pale ni wapi, wale wanauza nini. Mimi ninayelala macho yakiwa wazi nikiwa kwenye basi, safari hii nilijibu kila swali. Tunduma tulifika na vumbi la malori mpaka puani, na hayo mengine ya mpakani nimeshawaambia nayarusha.

Nakonde hadi Lusaka

Ukivuka upande wa Zambia saa inarudi nyuma moja. Hetal alifurahi kuliko mtu yeyote ndani ya basi. Akasema afadhali, tumepewa saa ya bure. Tukaitumia kula. Mama Chanda alitupeleka kwa mama anayemfahamu, akamwamuru kwa Kibemba amtafutie huyu mtoto chakula kisicho na kitu chenye macho. Ukaja ugali wao, nshima, na mboga za majani zilizopikwa kwa karanga. Mimi wa Lindi kwa asili, mboga ya karanga si ngeni kwangu, lakini ile ilikuwa nyingine. Hetal alikula mpaka akalamba vidole. Huyo mama mpishi alimtazama akila, akamwongezea bila kuulizwa.

Baada ya hapo ni barabara ndefu na miti, miti na barabara. Agatha alilala mdomo wazi kuanzia Mpika. Sisi wawili tukaongea mambo yasiyo na maana yoyote: nani aliolewa na nani mtaani, yule paka wa dukani atachukuliwa na nani, siku tulipojifungia stoo tukajifanya tumepotea. Nilikuwa namkumbuka Hetal naye amekaa pembeni yangu, bega kwa bega. Sijui kama kuna jina la hali hiyo, ila inauma.

Mama Chanda alishuka Kapiri Mposhi na mabegi yake yote. Akamshika Hetal mkono. "Maua ya bluu, usisahau." Hetal akaitikia. Basi lilipoondoka, akaniambia, "Atakuja atakuta pamevunjwa." Nikamwambia tukishinda, yeye mwenyewe atakuwepo, atampeleka duka jingine. Akasema inshallah, kama tunavyosema sisi.

Lusaka

Chumba tulichofungiwa kilikuwa ghorofa ya pili, kina ubao mweupe na birika la chai. Keisi ilihusu kampuni ya sabuni ya kufulia inayotaka kuingia vijijini. Jamani, sabuni. Agatha alichekelea hesabu zake, mimi nikachora njia za mawakala, Hetal akasimamia bei. Ushauri wetu wote ulisimama juu ya mguu mmoja: kampuni isishushe bei mwaka wa kwanza, kwa sababu ile faida ndiyo itakayolipa mawakala wa vijijini. Ondoa hiyo bei, na mengine yote yanaanguka. Tulipomaliza tulitazamana tukajua tuna kitu. Nawaambia bila majivuno, tulikuwa tunashinda.

Ikapigwa kura ya nani aanze. Tukatoka sisi, wa kwanza, asubuhi ya siku ya pili. Agatha alinung'unika. Hetal akasema wa kwanza ni baraka.

Mimi nilifungua, Agatha akafuata, na Hetal akamaliza. Alizungumza vizuri mno. Majaji wakaanza kuuliza, akajibu moja baada ya jingine. Kisha mzee mmoja mnene, suti ya kijivu, aliyekuwa anajifanya mkurugenzi wa ile kampuni, akafunga faili lake, akaegemea kiti.

"Kazi nzuri. Nimeipenda. Ila bei imenishinda. Nipunguzieni robo tu, nachukua ushauri wenu wote sasa hivi."

Nilimwona Hetal anatabasamu. Tabasamu lile nalijua tangu utotoni, ni la nyuma ya kaunta.

"Sawa, mzee wangu," akamwambia. "Wewe ndiye wa kwanza leo. Chukua."

Alisema kwa Kiingereza, lakini ilikuwa Mtaa wa Uhuru mtupu. Alinyoosha na mikono, yote miwili, kana kwamba ana kitenge amekikunja. Jaji mwanamke akavua miwani, akauliza taratibu, "Kwa hiyo kurasa zote hizi zilikuwa za nini?" Agatha akaruka kujaribu kuokoa, akaeleza kwamba ni mauzo ya mwanzo tu, ni majaribio, lakini muda ukaisha akiwa katikati ya sentensi.

Tukawa wa tatu. Walioshinda ni vijana wa palepale Lusaka. Majaji waliwabana bei hadi jasho likawatoka, wao wakang'ang'ania kama kupe. Yule mzee wa suti ya kijivu alikuja kutusalimia baadaye, akasema uchambuzi wetu ulikuwa bora kuliko wote, na kwamba hajawahi kuona timu ikiuza vizuri vile halafu ikagawa bure. Alisema kwa wema. Nilimshukuru huku natamani apotee.

Lusaka hadi Mbezi

Si mnanijua nikikasirika. Sikumsemesha Hetal. Nilimpa dirisha, nilimpa maji, lakini maneno sikuwa nayo. Agatha alijaribu kutupigisha soga, akashindwa, akarudi kulala. Ilikuwa Mpika tena, basi limesimama watu wachimbe dawa vichakani, ndipo Hetal akaniambia, "Sema tu, Zuhura."

"Kwani wewe hutaki kubaki?"

Nilimuuliza vibaya, kwa sauti kubwa, na watu wakageuka. Yeye hakujali.

"Nataka mpaka kifua kinaniuma," akasema. "Aliposema nipunguzie, sikumwona jaji. Niliona ni asubuhi, mlango umefunguliwa, mtu amesimama mbele yangu. Mikono ikatoa. Sikujua nimefanya nini mpaka nilipoona uso wako."

Ningesimama mimi pale, na mimi mtoto wa baraza ileile, sijui ningefanyaje. Akalaza kichwa begani kwangu akalia kimyakimya, nami nikalia, na dada aliyekaa upande wa pili akatupatia tishu bila kuuliza. Kutoka hapo mpaka Tunduma hatukuachiana mikono. Upande wa kwetu ile saa tuliyopewa ikachukuliwa.

Mzee Popat alikuwa anatungoja Mbezi, kashinda pale tangu mchana kwa sababu basi lilichelewa. Matokeo alikuwa ameshayasikia kwenye simu, na habari ya yule mzee wa suti ya kijivu pia. Akapakia mabegi, akakaa kwenye usukani, lakini hakuwasha gari.

"Alikuwa wa kwanza?" akamuuliza binti yake.

"Wa kwanza, baba."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

Mzee Popat akasema, "Hata mimi ningempa." Nikadhani, kwa sekunde moja hivi, kwamba sasa atasema basi, abaki. Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na tiketi zilikuwa zimekatwa za watu wote. Akawasha gari. Nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa shati kuanzia Kimara mpaka Magomeni.

Mtaa wa Uhuru

Wameondoka. Siku ya kwenda uwanja wa ndege sikwenda, nilishindwa, na Hetal hakunilaumu. Mama amehamisha cherehani yake Mchikichini, anapunguza nguo za mitumba kwa wanaonunua nguo zisizowatosha. Anasema kazi ipo. Ila jioni akirudi hana hadithi za kutuletea.

Juzi Hetal alinipigia. Kwake ilikuwa asubuhi, huku mchana wa jua kali, nami nilikuwa Kariakoo natafuta zipu za mama. Akaniuliza kukoje. Nikamwambia kama kawaida, joto, watu, mikokoteni. Akasema, "Usiniambie. Wewe tembea tu, mimi nisikilize."

Basi nikatembea, simu nimeinyoosha mbele kidogo, watu wananishangaa. Nikapita kwa wauza mabeseni, yule mwenye spika anayeimba bei zake, wabeba mizigo wanapiga mluzi wapishwe. Na yeye kule anataja. Hapo ni kona ya mabeseni. Hapo umevuka. Hapo ni wale wa viatu. Hakukosea hata mahali pamoja. Nilikuwa nacheka, yeye anacheka, nikaongeza mwendo.

Kisha akasema, "Sasa umefika dukani kwetu."

Nikageuka kutazama. Nilikuwa nimeshapapita. Wamezungushia mabati, na juu ya mabati wamachinga wametundika madera na mashati ya watoto kutoka mwanzo hadi mwisho, huwezi kujua nyuma yake kulikuwa na nini. Mimi niliyekulia pale nilipita bila kupajua.

"Zuhura, umefika?"

"Nimefika," nikamwambia.

"Subiri hapo kidogo, nipasikilize."

Nikasimama palepale nilipokuwa.